Siku Kumi na Moja Alizobakiza Mama

Wewe uliyekaa kwenye benchi na bahasha ya majibu mapajani, unayeinua macho kila mlango wa daktari unapofunguka, haya nakuandikia wewe. Benchi hilo nalijua. Sitakueleza saratani ni kitu gani. Hilo watakueleza wenyewe, na usipoelewa waulize tena, usione haya. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa. Na nitakueleza kosa langu, maana baada ya dripu, kisu na mionzi, kinachoniuma mpaka leo si kovu la kifuani.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Bungu, kando ya barabara kuu. Jina nimelibadili, niite Zena. Nimezaliwa Mbuchi, kule deltani, kwa watu wa mpunga na samaki. Mama yangu, Bi Hadija, aliishi huko maisha yake yote. Tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu Juma, na mke wa Juma anaitwa Somoe. Huyo wifi yangu utamsikia sana humu. Mume niliwahi kuwa naye, akaenda zake, na mtoto sikujaaliwa.

Umeona? Nimesema sikujaaliwa. Kajaalia nani? Hapo ndipo lilipo jambo la pili unalopaswa kulijua, nalo nalisema mapema ili usije ukasema nilikuficha. Mimi simwamini Mungu. Nafunga mtandio, naitikia salamu, nikiulizwa habari za asubuhi nasema alhamdulillahi, kwani utasema nini kingine, watu wakuone huna adabu? Ramadhani nilikuwa sili mbele za watu. Lakini moyoni hamna kitu, na hakijakuwemo kwa miaka mingi. Hakunifia mtu nikamkasirikia Mungu, wala sikusoma vitabu vya wazungu. Siku moja nilikuwa kwenye mswala, nasali alasiri, nikajikuta nahesabu rakaa vile vile ninavyohesabu vifungo vya shati la mteja. Nikamaliza, nikatoa salamu kulia na kushoto, nikakunja mswala, nikarudi kwenye cherehani. Nilidhani nitahuzunika. Sikuhuzunika. Nilimalizia shati.

Uvimbe niliugundua wakati wa vuli. Nilikuwa najikatia gauni la kuvaa harusini kwa jirani, nikalijaribu, likakaa upande. Nikafumua, nikashona, likakaa upande vile vile. Nusu siku nzima nagombana na kitambaa, namtukana aliyeniuzia. Mwisho nikavua, nikachukua tepu nijipime upya, na vidole vikakuta kitu kigumu chini ya ziwa la kushoto, ukubwa wa kete ya bao. Nikakaa kitako. Mteja aliingia kuulizia suruali yake, nikamwambia haijawa tayari, na ilikuwa imening'inia mbele ya macho yake.

Nikaenda Kibiti, Kibiti wakaniandikia barua ya Dar es Salaam. Kule wakachukua kinyama, wakasema ngoja. Kungoja ndiko ugonjwa wenyewe, nakwambia. Dripu ina mwisho, unaiona chupa inapungua. Kungoja majibu hakuna chupa ya kutazama. Nilishona katika majuma yale kuliko mwaka mzima, na karibu kila nguo niliikosea, wateja wakazichukua hivyo hivyo bila kusema neno. Walikuwa wameshasikia. Ukiona watu wa Bungu hawalalamiki, ujue wanakuhurumia.

Dripu ya kwanza ilikuwa Januari, kule kwetu watu wanapandikiza mpunga. Dripu zilikuwa sita, moja kila baada ya majuma matatu. Nikipigwa dripu Dar, narudi Bungu na basi, nalala siku tano, siku ya sita nakaa, ya saba nasimama. Nywele zilitoka baada ya dripu ya pili, zikabaki kwenye kitana na kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukawa na ladha ya msumari, hata maji yalikuwa na ladha ya msumari. Kitu pekee kilichopita kooni ni barafu za ukwaju, zile za kwenye vifuko wanazouza watoto wa shule. Somoe aliligundua hilo, si daktari. Alikuja na bodaboda toka Mbuchi amebeba jaba la barafu, zimeyeyuka nusu, akasema, "Nyonya wifi, usiniulize zilivyonitesa njiani." Siku hiyo nilicheka mara ya kwanza. Ramadhani nayo ikaingia katikati ya dripu, na kwa mara ya kwanza nikala mchana kweupe bila kufunga mlango. Nilijiambia kumbe saratani ina faida zake. Ulimi wangu huo.

Mama alikuja kabla ya dripu ya kwanza, akakaa. Kusema alikuja ni rahisi. Mpunga ukishasimama shambani, kwetu haulindwi na Mungu peke yake. Watu wanahamia shambani, wanalala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, mchana wanafukuza ndege, usiku nguruwe pori. Mama hakuwahi kukosa msimu hata mmoja. Mwaka ule shamba alimwachia Juma, na Juma naye alikuwa na nyavu zake, akawa analala siku mbili dunguni na siku tatu kwingine. Nguruwe wakafanya karamu. Juma alinipigia simu kunijulia hali, akamaliza kwa kusema, "Hali ya Mama ya chakula mwaka huu unaijua lakini?" Mama alinipokonya simu akamwambia, "Mpunga unaota kila mwaka, Juma." Akakata.

Basi Mama alikuja na mkoba wake wa ukili, na ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya kombe. Kwa asiyelijua kombe, maalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji na marashi, na yale maji mgonjwa akayanywa. Lina masharti yake. Unaelekea kibla, unapiga bismillahi, unatia nia. Na kinachobaki hakimwagwi ovyo. Kinamwagwa mtoni au shinani mwa mti, mahali pasipopita mguu wa mtu. Mtoto wa miaka sita kwetu anajua hilo.

La kwanza nililinywa. La pili nikalinywa. Kila mara Mama alisimama mbele yangu akitazama koo langu, na mimi nikajiona mwongo. Nilijipa cheo, unajua. Nilijiambia mtu mkweli hanywi dua asiyoiamini. Mwili wote umeoza na bado nina kiburi cha kuchagua maji ya kunywa.

Baada ya dripu ya tatu akaniletea la tatu, alilifuata mwenyewe Mbuchi akarudi siku ya pili, miguu imevimba. Harufu ya marashi ikanipanda puani, tumbo likageuka. Nikamwambia liweke hapo, nitakunywa. Alipotoka kuanika nguo nikajikokota na kikombe mpaka chooni nikamwaga. Sikumwagia maji juu yake. Sijui kwa nini. Nguvu sikuwa nazo, au sikujali. Baada ya muda kidogo nikasikia ndoo imewekwa chini.

"Zena."

"Abee."

"Umelimwaga chooni?"

Alisimama mlangoni kwangu, mkono bado una povu la sabuni. Ningeweza kumwambia limenitapisha, na ingekuwa nusu ya kweli, na nusu hiyo ingetosha. Kusema kweli si kosa. Kosa langu ni saa niliyoichagua na sauti niliyoitumia.

"Mama, mimi hayo mambo siyaamini."

"Kombe huli..." Ulimi ulimkwama kwa mshtuko, akarudia. "Huliamini kombe?"

"Kombe, dua, sala, yote. Nimeacha zamani, ila sikusema. Usiuache mpunga wako uliwe na nguruwe kwa ajili ya kumwomba asiyekuwepo."

Nilingoja anipige. Nilingoja alie. Mama alivuta kigoda akakaa, akafuta mikono kwa kanga yake polepole, kidole baada ya kidole. Akaniuliza jambo moja tu.

"Sasa usiku maumivu yakikushika, unamwambia nani?"

"Simwambii mtu."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda ambacho hakujua kipo. Halafu akainuka. Nilimsikia chooni. Alichukua kitambaa safi, akalikusanya lile kombe kutoka kwenye sakafu ya saruji, akalikamulia kwenye beseni, akaosha pale, akakamua tena. Akalitoa beseni nje akalimwaga shinani mwa mnazi nyuma ya nyumba. Mwanamke wa miaka sabini amepiga magoti chooni, anakusanya maji yaliyotiwa aya kwa ajili yangu. Nilikuwa kitandani, nasikia kitambaa kikikamuliwa, na sikuinuka. Mpaka leo, wewe uliyekaa kwenye benchi, mpaka leo ningetoa hili ziwa lililobaki nipate kuinuka siku ile.

Toka hapo hakuleta kombe tena. Uji wa mchele alinipikia, mgongo alinikanda, kichwa changu kisicho na nywele alikipaka mafuta ya nazi kila asubuhi. Lakini sala zake akahamishia chumba cha nyuma, akarudisha mlango, na dua zake, ambazo Mama alikuwa akizisoma kwa sauti mpaka jirani anaitikia amina, akawa anazisoma kwa kunong'ona. Ndani ya nyumba yangu mama yangu alijificha kuomba. Nilimwona, nikajifanya sioni.

Dripu ya tano nilikaa kiti cha pembeni na mwanamke wa Ifakara, tuliyezoea kumwita Mama Neema. Wote tulikuwa na chupa nyekundu ile ile, na yeye ugonjwa wake ulikuwa umefika mbali kuliko wangu. Muuguzi alimtafuta mshipa mara nne. Mara ya nne ulipopatikana, Mama Neema akatazama juu, akasema, "Haya, Baba, chukua zamu yako," akafumba macho, akalala. Alikoroma. Mimi nikakaa macho saa zote zile, nalinda chupa, nalinda mshipa, nalinda kila tone, kana kwamba nikipepesa macho kitu kitaharibika. Nilimwonea wivu mwanamke yule. Sikuwahi kumwonea mtu wivu hivyo, hata kwa mali wala kwa mume. Yeye alikuwa na wa kumpokeza zamu.

Mara nyingi watu wenye imani hudhani mtu kama mimi anajiona ana akili kuliko wao. Na wasioamini wenzangu, wale wachache niliowasoma kwenye simu, wanaandika kwa furaha ya mtu aliyevua kiatu kinachobana. Mimi sina habari hiyo. Ukiniuliza kama natamani ningeamini, nakujibu ndiyo, natamani, na nilijaribu. Baada ya kukatwa ziwa mwezi wa sita nilipelekwa kwenye mionzi. Unalala juu ya kitanda kigumu, mkono umeuweka juu ya kichwa, watu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, unabaki wewe na mashine. Siku ya tatu nikasema hebu. Hapa hakuna wa kunicheka. Nikasoma Alhamdu. Yalikuja maneno yote, halikupotea hata moja, na sauti niliyoyasikia nayo ilikuwa ya Mama, aliyenifundisha. Nikasoma mara ya pili taratibu. Nikangoja. Mashine ikalia, ikanyamaza. Mlango ukafunguliwa na dada wa mionzi akaniambia, "Tayari Mama, unaweza kushuka." Nikashuka. Imani si gauni, hata kama wewe ndiye fundi.

Siku nilipoambiwa hawaoni kitu tena, vuli ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa nimejishonea ziwa la sufi, nimelitia ndani ya sidiria, na mkono wa kushoto ulikuwa bado haujarudi sawasawa kwenye gurudumu la cherehani. Nilimpigia Mama, alikuwa amesharudi kwake Mbuchi. Sikusikia kelele wala vigelegele. Nilisikia simu imewekwa chini, na kwa mbali nikasikia ameshuka kusujudu, maana magoti yake yalikuwa yanalia. Nilishika simu yangu nikangoja amalize.

Wiki iliyofuata nikaenda kumwona. Ilikuwa Alhamisi. Somoe alinipikia wali na pweza wa nazi, Mama akakaa pembeni anapepea inzi, hali kitu.

"Mama, kula."

"Nimefunga."

"Funga gani mwezi huu?"

"Nadhiri."

"Nadhiri ya nini?"

"Yako," akasema, na akaendelea kupepea inzi.

Kumbe siku ile ile ya chooni, alipokuwa anamwaga beseni pale mnazini, Mama alikuwa ametia nadhiri. Mwanangu akipona, nitafunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima, toka vuli hadi vuli. Hakumwambia mtu ila Somoe. Mimi niliposikia nikafanya nini? Badala ya kumshika mikono nikaanza kuhesabu. Nikamwambia nimeponywa na dripu sita, kisu, na mionzi, na majina ya madaktari ninayo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe una zako na mimi nina zangu," akasema. "Sikukuahidi wewe. Nilimwahidi Yeye. Sasa kula, wali unapoa."

Lakini Mama alikuwa na presha, na vidonge vya presha alivinywa asubuhi. Siku za kufunga alivihamisha jioni, na siku nyingine jioni alivisahau kwa uchovu. Nilijua. Nilimwambia mara moja, tukagombana, akaniambia nisimfundishe kufunga mimi nisiyefunga. Mara ya pili sikumwambia. Nilisema mtu mzima huyu, anajua analofanya, na ukweli ni kwamba niliogopa kurudi kwenye mazungumzo yale. Mimi niliyeona ni ujasiri kumwambia mama yangu kwamba Mungu hayupo, nilishindwa kumwambia meza dawa.

Alianguka Agosti, uani, anapeta mchele, siku ya Jumatatu, amefunga. Juma na Somoe walimleta mpaka Kibiti. Nilipofika upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umekwenda upande. Daktari alisema presha, ya muda mrefu, na umri. Kuhusu funga hakusema, na mimi sikumuuliza. Niliogopa jibu lolote kati ya mawili.

Siku ya pili ulimi ukamfunguka kidogo. Juma alikuwa mlangoni, mimi nimekaa upande wake mzima nimeshika kikombe, Somoe upande wa pili. Mama akamgeukia Somoe.

"Siku zangu," akasema, taratibu, neno moja moja. "Zimebaki kumi na moja. Nifungie."

Somoe akasema, "Nitakufungia, Mama." Alikuwa tayari analia.

Mimi nilihisi kama nimepitwa kwenye foleni. Nadhiri ile ilikuwa ya uhai wangu. Pumzi ninazovuta ndizo zilizomfanya afunge. Nikainama, nikamwambia, "Mama, mimi nipo. Nitafunga mimi. Niachie mimi."

Mama akanigeuzia macho. Sina hakika kama nitaweza kuyaandika macho yale. Hayakuwa na hasira, laiti yangekuwa nayo. Yalinitazama kama yalivyonitazama siku ile ya kombe, halafu akainua mkono wake mzima akanishika shavu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Wewe kula. Wewe bado mgonjwa."

Juma akaitikia mlangoni, "Kweli, Zena, wewe bado hujapata nguvu." Wote waliosikia walisikia mama anamwonea huruma mtoto wake aliyetoka kwenye saratani. Mimi na yeye tu ndio tulijua alichosema. Funga bila imani haivuki. Mama alijua hivyo, na alikuwa na mwaka wake mzima wa kiu mikononi, hakuweza kuuweka kwa mtu atakayeudondosha. Na hata katika hali ile, nusu ya mdomo haifanyi kazi, alinitafutia sababu ya kunisitiri mbele ya watu. Mimi sikumsitiri siku ile ya chooni. Alifariki alfajiri ya siku iliyofuata.

Nimeandika haya ili wewe uliyekaa kwenye benchi ujue jambo hili. Kama unaamini, basi shika unachoamini, wala usione haya mbele ya wenye elimu. Na kama huamini, kama mimi, basi usimfanye mama yako alipe kwa hilo. Akikuletea kikombe, kunywa. Hutakuwa mnafiki. Ni maji, yametoka mkononi mwa mtu ambaye angekupa mwili wake kama ungeweza kuvaliwa. Ukweli wako utakuwepo hata kesho, haukimbii. Na dawa zake za presha mkumbushe, hata mkigombana, hata akununie mwezi mzima.

Somoe alianza kufunga baada ya arobaini. Kila Jumatatu na Alhamisi nilipanda gari hadi njia panda, nikachukua bodaboda mpaka Mbuchi, nikampikia futari. Hilo ndilo nililoweza. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga, tambi siku ambazo alikuwa amechoka sana. Mkono wa kushoto ulivimba kwa kukuna nazi na sikujali. Tulikuwa hatuzungumzi sana jikoni. Somoe si mtu wa kuhukumu, na jambo langu alilijua, Mama alimwambia. Siku moja tu, ya saba au ya nane, aliniambia, "Mama hakukuchukia, wifi. Alikuwa akisema labda wewe Mungu kakupitisha njia ndefu." Nikaendelea kukuna nazi. Ilibidi nikune nyingine, ile ya kwanza niliiharibu kwa machozi.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi, mawingu ya vuli yamejaa. Asubuhi ile niliamka kwangu kabla ya alfajiri, nikala wali wa jana, nikanywa maji, na baada ya hapo sikutia kitu mdomoni. Sikumwambia mtu. Sikujua naitiaje nia, basi nikasema jina la Mama, mara moja, kwa sauti, ndani ya chumba cha cherehani. Nikasafiri hivyo hivyo. Mchana joto likabana, kichwa kikauma, mate yakakauka, na nikapika bila kuonja chumvi. Siku nzima nilikuwa nasikiliza ndani yangu. Nilisema labda hivi ndivyo inavyoanza. Labda mtu anaanza na tumbo na mengine yanafuata.

Magharibi ikaadhiniwa. Somoe akakaa mkekani, akainua mikono akasoma dua yake, akamtaja Mama kwa jina lake na jina la baba yake, akamwomba Mungu aipokee. Akachukua tende, akala, akashusha pumzi. Uso wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyefikisha mzigo wa watu mahali ulipotakiwa. Halafu akaonja mchuzi, akanitazama.

"Wifi, chumvi hujaonja." Akakitazama kikombe changu kilichojaa, na midomo yangu. "Umefunga?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Sijawahi kutamani neno hivyo.

"Hapana," nikamwambia. "Nimeshinda na njaa tu."

Somoe akanisogezea sahani ya tende, nikala.